Konseto ya fidla ya Alban Berg: ule wimbo wa kanisani umeingiaje mle, na baada yake usikilize nini

Marahaba kijana wangu. Umeandika kwamba unaimba besi kwenye kwaya ya Kilutheri, ukakutana mtandaoni na Konseto ya Fidla (yaani kazi ya fidla moja na okestra) ya Alban Berg, mtunzi wa Austria, robo saa ya kwanza ukawa umepotea kabisa, afu kuelekea mwisho zikaingia klarineti zikapiga kitu ambacho ungeapa ni wimbo wa kitabuni, sauti nne zimekaa sawasawa. Unauliza ule ni wimbo gani, imekuwaje umo ndani ya muziki ambao kila mtu anasema hauna do, na kama umeipenda hii uende wapi baada ya hapo. Jibu litakuwa refu kidogo, vumilia.

La kwanza ni jepesi. Ulisikia sawasawa, ule ni wimbo wa kanisani kweli, na tena wa Kilutheri. Unaitwa "Es ist genug", yaani Yatosha. Tuni yake aliitunga Johann Rudolf Ahle mwaka 1662, na Bach akaipangia sauti nne kufunga kantata yake namba 60, iliyoimbwa Leipzig Novemba 1723. Maneno yake ni ya mtu aliyechoka anamwomba Bwana, ikimpendeza, amfungue nira aende zake, na ukiyasoma utamkumbuka Eliya chini ya ule mretemu anaposema yatosha sasa, uondoe roho yangu. Berg aliyaandika yale maneno ndani ya nota zenyewe ingawa hakuna anayeyaimba. Na jinsi alivyoupanga: fidla inaanza mstari wa wimbo, chini yake okestra inapiga mapatano (zile sauti za kuandamana na tuni) ya Berg mwenyewe, machungu machungu, afu klarineti tatu na klarineti besi zinaurudia mstari uleule kwa mapatano ya Bach vilevile alivyoyaandika, zikilia kama kinanda cha kanisani. Mstari unaofuata tena hivohivo, fidla kwanza, klarineti zinajibu. Kwa hiyo pale hukusikia kitu kinachofanana na Bach, ulimsikia Bach mwenyewe.

Sasa la pili ndo lenye utamu.

Watu wakisema muziki wa noti kumi na mbili wanamaanisha hivi. Chukua kinanda, kutoka C mpaka B kuna vibonye vyeupe saba na vyeusi vitano, jumla kumi na mbili. Muziki tuliozoea una mwenye nyumba, do, na wengine wote wanamtumikia. Arnold Schoenberg, mwalimu wake Berg, mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaja na utaratibu mwingine, unazipanga noti zote kumi na mbili kwenye foleni moja, kila moja inatokea mara moja, na kazi yako yote inatoka kwenye ile foleni, unaweza kuisoma kwenda mbele, kurudi nyuma, kuigeuza juu chini, kuihamisha, lakini hakuna noti inayopewa ubosi. Watunzi wengi wa utaratibu huu walipanga foleni zao makusudi ili zisisikike kama meja wala maina popote, maana ukiziacha noti tatu zikafanya kodi ya kawaida (noti zinazopigwa pamoja, kama kwenye gitaa) tu, basi sikio la msikilizaji linaanza kumtafuta do.

Berg akafanya kinyume chake kabisa. Foleni ya konseto yake hii hapa, ipige polepole kwenye kinanda kutoka chini kwenda juu: G, B flati, D, F shapu, A, C, E, G shapu, B, C shapu, D shapu, F. Umesikia? Tatu za kwanza ni G maina. Anzia ile D uhesabu tatu, D meja. Anzia A, ni A maina. Anzia E, ni E meja. Yaani kapanga kodi nne za kawaida kabisa, za kupigia gitaa, kila moja imeshikana na mwenzake kwa noti moja, na noti za kuanzia hizo kodi, G, D, A, E, ndo nyuzi nne za fidla zikiwa wazi bila kubonyezwa. Huyu mtu aliichonga foleni yake kutokana na mbao za chombo chenyewe.

Sasa chukua noti nne za mwisho, B, C shapu, D shapu, F. Ziimbe kwa solfa ukichukua B kuwa do: do, re, mi, fi. Ni fi kabisa hapo, wala usiishushe iwe fa. Sasa rudi kwenye ule wimbo wa Ahle uangalie noti nne za mwanzo, pale penye "Es ist genug" yenyewe. Do, re, mi, fi. Walimu wa kwaya wengi wakikutana na fi pale mwanzoni kabisa mwa tenzi watadhani mchapishaji kakosea na watawaambia mwimbe fa, maana ni mruko wa ajabu, unapanda hatua nzima tatu mfululizo na unaishia umening'inia. Bach akaupenda huo ukali, akaupangia mapatano ambayo hata leo yanashtua kidogo. Na ule mkia wa foleni ya Berg ni huohuo, hatua nzima tatu mfululizo.

Kwa maelezo ya mwanafunzi wake Willi Reich, foleni ilikuwa imeshapangwa ndipo Berg akaomba atafutiwe tenzi za Bach, akaikuta hii. Hebu fikiria alivyojisikia siku hiyo. Ndo maana nakwambia ule wimbo haukubandikwa mle kwa gundi ili watu walie. Kutoka dakika ya kwanza fidla inapanda foleni, na kila mara inapofika juu kabisa inafika kwenye zile hatua tatu, unazisikia tena na tena bila kujua ni za nini, mpaka sehemu ya mwisho, Adagio, inaanza na wimbo unajitokeza wenyewe. Wewe ulidhani ulipotea robo saa ya kwanza, kumbe muda wote ulikuwa unafundishwa tuni.

Kwa hiyo ukirudia kuisikiliza, fanya hivi. Mwanzo kabisa kinubi na klarineti zinapanda taratibu kwa kurukaruka hatua tano tano, fidla inajibu kwa nyuzi zake nne wazi, G D A E na kurudi chini, kama mpigaji anayejaribu kama chombo kimekaa sawa kabla ya ibada. Usitafute kitu kingine pale, ndo hicho. Baada ya muda mfupi tu fidla inaanzia G ya chini kabisa na kuipanda foleni yote kumi na mbili hadi juu, hapo sikiliza zile nne za mwisho. Konseto nzima ina sehemu mbili, kila moja imegawanyika mara mbili tena: Andante afu Allegretto, wanapumzika kidogo, Allegro afu Adagio, jumla kama dakika 25. Allegretto ni ya kuchezacheza, ina mwendo wa ngoma za vijijini kwao Austria. Allegro ndo janga lenyewe, okestra inagonga mdundo mmoja wa kukatakata unaorudi kila mara ukiwa mzito zaidi, katikati yake fidla peke yake inapiga kanoni ya sauti nne (watu wanne ndani ya chombo kimoja, jaribu kufikiria vidole), na pale inapofika kileleni Berg mwenyewe kaandika kwenye nota kwamba hiki ndo kilele. Kutoka kwenye vumbi la hicho kilele ndipo tenzi inaingia. Hakuna kusimama, inaingia juu kwa juu.

Sasa habari ya malaika, maana najua utakuwa umeiona kila mahali. Mwanzoni mwa 1935 mpiga fidla Mmarekani, Louis Krasner, alimwendea Berg akitaka konseto, malipo dola 1,500. Berg hakuwa na hamu, alikuwa amezama kwenye opera yake Lulu, na alimwambia wazi kwamba dunia ya konseto za kuonyesha ufundi wa vidole siyo yake. Krasner akamjibu kwa akili sana, kwamba Mozart na Beethoven nao waliandika konseto za fidla, na kwamba watu wanasema muziki wa noti kumi na mbili ni wa kichwa tu hauna moyo, sasa nani atawaziba midomo kama sio wewe. Tusisahau pia hela. Wanazi walikuwa wameshika Ujerumani tangu 1933, kazi za Berg zilikuwa karibu hazipigwi tena kule, na kule ndiko mkate wake ulikotoka. Akakubali, lakini miezi ikapita hajaandika.

Tarehe 22 Aprili 1935 akafa Manon Gropius, binti wa miaka 18, kwa polio. Mama yake alikuwa Alma, mjane wa mtunzi Gustav Mahler, baba yake Walter Gropius yule msanifu majengo. Berg na mkewe walimpenda sana huyo mtoto. Ghafla konseto ikapata mwili. Akaenda nyumba yake ya kando ya ziwa Wörthersee, ng'ambo ya pale ambapo Brahms naye aliandika konseto yake ya fidla, akafanya kazi kwa kasi ambayo maisha yake yote hakuwahi kuwa nayo, maana Berg alikuwa mwandishi wa polepole kupindukia, Lulu ilimla miaka na hakuimaliza. Krasner alipomtembelea, Berg alimwomba apigepige tu chochote kinachomjia, sio konseto za watu, yeye akiwa kwenye kazi zake anasikiliza vidole vyake vinapenda kwenda wapi. Tarehe 11 Agosti nota zikakamilika. Juu akaandika: kwa kumbukumbu ya malaika. Miezi mitano haikufika, tarehe 24 Desemba 1935, naye akafa kwa sumu ya damu iliyoanzia kwenye jipu la mgongoni, umri miaka 50. Konseto yake hakuisikia hata mara moja.

Hadithi ni kamili mno, ndo maana kila karatasi ya programu inaisimulia na kuishia hapo. Mi naona wanaishia mapema. Sikiliza tena karibu na mwisho wa Allegretto, kuna tuni ya kijijini inaingia laini kabisa, Berg kaandika kwamba ni wimbo wa watu wa Carinthia, mkoa wa kwao Austria. Maneno ya wimbo huo, ambayo yeye hakuyaandika mle, yanasema ndege kwenye mti wa plamu kaniamsha, la sivyo ningelala nikapitiliza kitandani kwa Mizzi. Huo si wimbo wa kumwekea malaika wa miaka 18! Berg akiwa na miaka 17, hukohuko Carinthia, alizaa binti na mfanyakazi wa nyumbani kwao, Marie Scheuchl, na Mizzi ni jina la kumwitia Marie. Binti huyo, Albine, alizaliwa Desemba 1902. Na wimbo uleule unarudi tena ndani ya Adagio, katikati ya tenzi ya kufa, ukisikika kama uko mbali sana. Kwa hiyo mle ndani mna Manon, sikatai, lakini mna mzee anayepiga hesabu za maisha yake mwenyewe pia, mapenzi ya ujana na tenzi ya "yatosha" vimekaa chumba kimoja. Na hapo ndo unaona kwa nini alihitaji foleni yenye kodi za kawaida ndani yake. Foleni ya mtindo mkali isingeweza kupokea wimbo wa kijijini na wimbo wa Bach bila kuvitapika, hii yake ilijengwa ikiwa na milango miwili tayari imeachwa wazi.

Wenzake wengine waliona huko ni kurudi nyuma, eti sio kisasa vya kutosha. Waache.

Mwisho wenyewe usiuruke. Kabla ya kumalizia kuna sehemu mpiga fidla anaanza kuwakusanya wapiga fidla wa okestra mmoja baada ya mwingine wapige naye tuni moja, na Berg kaelekeza kabisa kwamba aonekane na asikike anaongoza, afu wanaachia mmojammoja mpaka anabaki peke yake. Ukipata video itazame badala ya kusikiliza tu. Baada ya hapo fidla inapanda kwa mara ya mwisho hadi G ya juu kabisa, chini yake B flati meja yenye noti moja ya ziada, ileile G. Muziki usio na do unamalizia kwenye kodi ambayo hata bendi ya hotelini ingeweza kuifungia.

Onyesho la kwanza lilikuwa Barcelona, 19 Aprili 1936, miezi mitatu tu kabla vita vya Hispania havijaanza. Aliyetakiwa kuongoza ni Anton Webern, rafiki mkubwa wa Berg na mwanafunzi mwenzake kwa Schoenberg, lakini msiba ulikuwa bado mbichi kwake na juu ya hapo alikuwa na tabia ya kung'ang'ania kila noti, mazoezi yakaisha bado anasafisha kurasa za mwanzo tu, akajitoa. Kiongozi mwingine wa okestra, Hermann Scherchen, akaichukua dakika za mwisho na mambo yakaenda. Siku kama kumi na mbili baadaye, 1 Mei, Webern akaiongoza London na okestra ya BBC, Krasner akipiga, na Krasner akaitunza rekodi ya usiku ule kwenye santuri zake binafsi, ikaja kutolewa kwa watu miongo mingi baadaye. Inakwaruza, okestra nyuma inasikika kama iko kwenye kabati, lakini ni wanaume wawili wanamzika rafiki yao na inakwenda polepole kuliko mtu yeyote angethubutu leo. Usianze nayo. Isikilize ukiwa umeshaijua konseto.

Sasa uende wapi. Kabla ya chochote ni Lulu Suite, vipande vitano alivyovitoa kwenye ile opera ili angalau visikike ukumbini kwa sababu opera yenyewe Ujerumani isingeruhusiwa. Ni ya miezi michache tu kabla ya konseto, saksofoni ileile, vibrafoni, utamu uleule unaoelekea kuoza. Erich Kleiber aliiongoza Berlin 30 Novemba 1934, na siku chache baadaye akajiuzulu kazi yake kwa sababu ya ubanaji wa Wanazi. Kipande cha pili, Ostinato, kinafika katikati kisha kinarudi kinyumenyume mpaka kilipoanzia, na ukijua hilo unaweza kukisikia, sauti inapanda, inasimama pumzi moja kwenye piano, afu filamu inarudishwa. Cha mwisho, Adagio, kina kodi moja yenye noti zote kumi na mbili kwa mpigo, ni ukelele wa Lulu akiuawa, kwa hiyo sauti ya redio punguza kidogo kama watoto wamelala.

Ukitaka kujua Berg alitoka wapi, nenda kwenye Vipande Vitatu vya Okestra, opus 6, alivyoviandika 1914 na 1915 kama zawadi ya Schoenberg kutimiza miaka 40. Hapo hamna foleni bado, ni okestra kubwa mno, mtoto wa Mahler aliyelewa. Cha kwanza kinaanza na ngoma na gongo tupu, kelele zisizo na noti, muziki unaota kutoka humo. Cha tatu ni machi, ameimaliza majira yaleyale ya joto ya 1914 vita vya kwanza vinawaka, na inaishia kwa kipigo cha nyundo, nyundo kweli ya kushika mkononi. Hiyo machi mara ya kwanza hutaelewa chochote, ni msongamano mtupu, mara ya tatu utaanza kuona watu ndani ya msongamano.

Ile Konseto ya Chemba ya 1925, ya piano, fidla na vyombo 13 vya kupuliza, nakwambia ukweli ni ngumu, tuni yake imetolewa kwenye herufi za majina ya Schoenberg, Webern na Berg na ina akili nyingi kuliko mahaba. Ila sehemu yake ya pili ni ya fidla, nayo inarudi kinyumenyume, na pale katikati kabisa piano ambayo muda wote imenyamaza inagonga C shapu ya chini mara kumi na mbili kama saa ya ukutani usiku wa manane. Kwa ajili ya sehemu hiyo tu yatosha kuitafuta. Lyric Suite nayo ipo, asili yake ni ya vyombo vinne vya nyuzi tu lakini vipande vitatu akavipanulia okestra ya nyuzi mwaka 1928. Hiyo ilibeba siri ya mapenzi yake na mke wa mtu kule Prague, Hanna Fuchs, imefichwa kwenye namba za mistari na herufi za majina, na haikujulikana mpaka 1977 mtaalamu wa muziki George Perle alipoipata nakala ambayo Berg aliijaza maelezo kwa mkono wake. Zile nyimbo fupi za Berg kwa maneno ya mwandishi Altenberg, opus 4, ndo zilizosababisha ngumi ukumbini Vienna tarehe 31 Machi 1913, polisi wakaitwa, onyesho likavunjika, mratibu kamzaba mtu kibao kesi ikafika mahakamani. Ni nyimbo za maneno ya kwenye postikadi! Ukizisikiliza leo utashangaa waligombania nini, ni nzuri mno.

Rekodi ya kuanzia konseto, mi nakushauri Isabelle Faust na Claudio Abbado, ambayo imeunganishwa na konseto ya Beethoven. Faust hapigi kwa machozi, noti zote zinasikika, na zile klarineti kwenye tenzi zinapumua kama kwaya inavyotakiwa kupumua. Ukitaka damu zaidi kuna Anne-Sophie Mutter na James Levine, Chicago, ya mwaka 1992, pale kwenye kilele cha Allegro utatafuta mahali pa kushika. Konseto ya fidla ya Schoenberg mwenyewe iache kwanza, Krasner huyohuyo ndiye aliyeizindua Philadelphia 1940 chini ya Stokowski, na humo hutakuta tenzi wala ndege wa kwenye plamu.

Na kuhusu lile ombi la mwisho, kama kwaya yenu inaweza kuiimba "Es ist genug" ya Bach, inawezekana kabisa, nota zake ziko wazi hazina mwenyewe tena na ni ukurasa mmoja tu. Soprano ndo watasumbua, kwa ajili ya ile fi. Wafundishe kwanza do re mi fi bila maneno, bila kinanda, mpaka waache kuishusha, ndipo uwape besi.